Ziwa Lililosimama

Finland, 29 Novemba 1992

Dada Walburga,

Shikamoo, na umfikishie mama shikamoo yake. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimemaliza miezi mitatu huku na bado kila asubuhi natafuta jua mahali ambapo halipo. Saa tatu ndiyo kwanza kunapambazuka, na saa tisa alasiri giza linarudi kana kwamba limesahau kitu. Masomo yanaendelea vizuri. Mashine zao za kupasua mbao zingekufanya ufunge macho, lakini randa ya mkono ni ile ile, na siku nyingine nikiishika nasahau kwamba siko Songea.

Chuo kimetugawa kwa wenyeji. Mimi nimepewa Mzee Veikko, mgane, seremala wa zamani, umri wake sabini na minne. Kiingereza chake ni maneno kama ishirini, na Kifini changu ni kumi na mawili, kwa hiyo tunazungumza kwa mbao. Akitaka kuniambia nimefanya vizuri anapitisha kidole kwenye maungio. Akitaka kuniambia nimeharibu anapitisha kidole vile vile, ila ananitazama.

Mbele ya nyumba yake kuna ziwa. Si kubwa kama Nyasa. Ng'ambo unaiona, miti myeusi tupu. Wiki mbili zilizopita lilikuwa maji ya kawaida yanayopiga mawe. Jumanne nikaamka nikasikia kimya. Nikatoka nje. Dada, ziwa lilikuwa limesimama. Wimbi lililokuwa linakuja halikufika. Mzee alichukua mtaimbo, akagonga ukingoni, akainama kusikiliza kama mganga anavyosikiliza kifua, akatikisa kichwa. Bado. Akanieleza kwa mikono: barafu ikifika unene wa kiganja kilichosimamishwa, mtu anapita. Ikifika kutoka vidoleni mpaka kiwiko, gari linapita. Nilidhani ananitania, lakini yuko Mtanzania mwenzetu hapa, Erasmus wa Ruhuwiko, mwaka wake wa pili huu, ameniapia kwamba gari ameliona kwa macho yake.

Mzee ameahidi kwamba mwezi wa pili atanipeleka katikati ya ziwa kuvua samaki wanayemwita hauki. Nimemweleza kwamba baba yetu alikuwa mvuvi wa Lituhi, akafa kwa homa nikiwa bado mgongoni mwa mama. Akanishika bega. Nadhani alinielewa. Tangu siku hiyo nawaza: mimi ni mtoto wa mvuvi ambaye sijawahi hata kushika mshipi. Mlinilea kwenye vumbi jekundu, mbali na maji. Labda damu inakumbuka.

Mdogo wako,
Valence


Msamala, Songea
3 Januari 1993

Mdogo wangu Valence,

Marahaba. Na mama amesema marahaba mara mbili, moja ya leo na moja ya akiba.

Barua yako imetufikia siku mbili baada ya Noeli. Huku mvua inanyesha vizuri, mahindi yamefika magotini. Mama ni mzima ila goti la kulia linatabiri mvua kabla ya redio. Kazi yangu imebadilika. Nguo mpya za kushona zimebaki sare za shule na za kwaya tu, maana mitumba imejaa soko zima mpaka Bombambili, na watu wanavaa Ulaya kila siku. Nami nimeamua kutoshindana nayo. Mtu akinunua koti la Mzungu lenye mabega kama mlango, analeta kwangu nalipunguza. Huenda nimeshalipunguza la huyo mzee wako.

Sasa nisikilize. Hilo ziwa usilikanyage.

Umeniandikia kana kwamba ni jambo la kustaajabisha tu. Maji yakisimama hayajafa, Valence. Yako chini pale pale. Wewe umekwenda kusomea mbao, hukupelekwa kuvua. Mwambie mzee una kichomi, mwambie dini yako inakataza, mwambie lolote linalokuja mdomoni. Tangu nilipokufundisha kufunga vifungo vya shati sijakukataza mambo mengi. Ulitaka useremala, nikakubali. Ulitaka kwenda huko kwenye giza la saa tisa, nikakushonea koti. Hili moja nakukataza.

Mama sikumsomea habari za ziwa. Nilipofika pale niliruka mistari nikarudia kusoma ya randa. Ukiandika tena mambo ya maji, yaandike kwenye karatasi yako pekee, mama asiyasikie.

Judica, yule mwalimu kutoka Same jirani yetu, anakusalimu, anauliza kama ni kweli huko barabara zinafukiwa na theluji. Mwenyezi akulinde.

Dada yako,
Walburga


Finland, 14 Februari 1993

Dada,

Shikamoo. Karatasi ya mama iko peke yake ndani ya bahasha hii, umsomee ile. Hii ni yako.

Nimekuasi. Nakuambia mapema ili hasira ikupate mlangoni, isikukute katikati ya habari. Niliposoma katazo lako nilicheka. Nikasema huyu ni kuku aliyelea bata, anakimbia huku na huku ukingoni mwa dimbwi. Jumamosi ya tarehe sita nilikwenda. Na kwa kuwa nilikwenda, niache nikueleze nilichokiona, maana kukaa nacho peke yangu ni kama wizi.

Tulitoka saa nne asubuhi, jua likiwa limekaa juu ya ncha za miti, jekundu, halina joto hata la kuota. Kipimajoto cha mzee kilisoma nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Hiyo si baridi ya Juni ya Mbinga ambayo ukijifunika inakuacha. Ukivuta pumzi nywele za puani zinasimama kama sindano. Nyuma yetu tuliburuta kigari kisicho na magurudumu, chenye mbao mbili ndefu zilizopindwa kwa mvuke, na juu yake mtaimbo, kamba, ndoo ya chambo, na keekee ya kutobolea barafu, kubwa, kimo cha mtoto wa darasa la tatu.

Hatua ya kwanza ilinishinda. Nilisimama ukingoni kama ng'ombe mbele ya daraja. Mzee hakunivuta wala hakunicheka. Alitembea hatua kumi, akageuka, akaruka juu mara tatu, mtu wa miaka sabini na minne, buti zikagonga buu, buu, buu. Basi nikaenda. Nimetembea juu ya maji, dada. Petro alizama kwa uhaba wa imani. Mimi nilipita bila imani yoyote, kwa buti za kuazima.

Kuna mahali upepo ulikuwa umefagia theluji, barafu ikabaki tupu, nyeusi na safi kama kioo. Nikapiga magoti nikaweka viganja pembeni mwa uso. Nikaona chini. Majani ya ziwa yamesimama wima, hayatikisiki. Mapovu ya hewa yameganda yakiwa safarini kuja juu, moja juu ya jingine, kama shanga kwenye uzi. Kisha kitu kikapita chini ya magoti yangu. Sikuona kichwa wala mkia, niliona ubavu tu ukipita, na ulichukua muda mrefu kupita.

Halafu ziwa likalia. Sauti ilianzia mbali, nyuma ya kisiwa, kama waya wa simu uliopigwa jiwe. Ikaja mbio chini yetu, ikapita, ikaishia msituni. Nilijitupa kifudifudi. Mzee akanionyesha kwa mikono: barafu inanenepa, inajinyoosha. Akafumba macho na kuweka kiganja kifuani. Ililia tena mara nyingi siku ile, na hakuna hata mara moja niliyoizoea. Niliwahi kusimama kanisani Peramiho kwaya zote zikiimba pamoja, nikadhani hakuna sauti kubwa kuliko ile. Ipo.

Tulitoboa matundu saba, kwa mstari, kuelekea kisiwani. Kila tundu tuliteremsha mshipi wenye samaki mdogo aliye hai kwenye ndoano, na juu yake kijiti kilichofungwa kitambaa chekundu. Samaki akivuta, kijiti kinafyatuka na kitambaa kinasimama. Basi tukakaa kwenye kigari tukinywa kahawa na kutazama vitambaa. Kimya cha kule hakielezeki. Nilisikia damu yangu ikipita masikioni.

Kitambaa cha tatu kikasimama. Mzee alinisukuma niende mimi. Nilishika mshipi, na upande wa pili kulikuwa na mtu. Samahani, nasema mtu kwa sababu sijui niseme nini. Alivuta kwa akili. Niliachia, nikavuta, nikaachia, mzee akipiga kelele za Kifini na mimi nikimjibu kwa Kiswahili. Mara kichwa kikajaza tundu lote. Mdomo mrefu, bapa kama wa bata, umejaa meno yanayoelekea ndani. Mwili wa kijani kama jani changa la mgomba, na madoadoa ya njano kila mahali kana kwamba jua wanalolikosa hawa watu limejificha kwake. Ni mrefu kuliko mbasa yeyote wa Nyasa niliyemwona sokoni. Mzee alimpima kutoka nyongani mwangu mpaka chini. Mvuke ulikuwa unamtoka. Kabla sijavuta pumzi kumi, maji yaliyokuwa mwilini mwake yalikuwa yamegeuka kioo.

Macho yake ya dhahabu yalinitazama. Mzee akavua kofia kwenye baridi ile, akasema neno moja ninalolijua, kiitos, yaani asante. Alimwambia samaki, au ziwa, au Mungu. Sikumuuliza.

Nikamuwaza baba. Niliwaza asubuhi zote alizoingia mtumbwini kule Lituhi, na kwamba siku moja moja kitu kama hiki kilitoka gizani kikamtazama. Kwa mara ya kwanza nilimwonea wivu marehemu.

Tulirudi jioni, tumechoka, tumelowa kidogo. Leo naandika kitandani kwa uvivu wa Jumapili, usishangae mwandiko. Umeona sasa? Hakuna cha kuogopa.

Mdogo wako aliyekuasi,
Valence


Finland, 20 Februari 1993

Kwa Dada Walburga Kayombo,

Heshima yako. Hunifahamu kwa sura. Mimi ni Erasmus, ofisa misitu, nyumbani kwetu ni Ruhuwiko, na niko masomoni pamoja na mdogo wako Valence.

Naandika kwa niaba ya binti wa Mzee Veikko. Ameniomba nifikishe shukrani zake kwa mama na kwako katika lugha yenu. Kwanza alimwomba Valence mwenyewe, naye akakataa, akasema mtu hajiandikii ushuhuda. Kwa kuwa bila shaka ameshawaeleza tukio lenyewe, sitalirefusha.

Binti huyu anataka mjue kwamba mahali babake alipozama, karibu na kisiwa, mkondo hupita chini na barafu huwa nyembamba. Mzee alikwenda kutoa mshipi wa mwisho, barafu ikakatika, akaingia mpaka shingoni. Wenyeji wenyewe hufundishwa wasikaribie mtu aliyezama hivyo. Valence alivua glavu ili ashike kamba vizuri, akalala kifudifudi, akatambaa mpaka ukingo. Ukingo ukakatika chini yake naye akaingia mpaka kifuani. Akatoka. Akarudi tena. Safari ya pili ndiyo akamfikia. Alimvisha mzee glavu zile kavu, akamfunga kwenye kigari kwa kamba ile ile, akamburuta kilomita mbili mpaka barabarani.

Mzee yuko hai na ameanza kula. Valence bado yuko wodini. Mapafu hayana tatizo tena, ila vidole viwili vya mkono wa kushoto madaktari wanavisubiri kidogo kabla ya kuamua.

Maneno ya binti nayaandika alivyoyasema: "Siijui lugha yenu wala nchi yenu, lakini namjua mama aliyemzaa mtu aliyenirudishia baba, na kila siku ninapomwona baba mezani nitamjua zaidi."

Hongereni kwa kulea.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Erasmus


Msamala, Songea
21 Machi 1993

Valence,

Barua ya rafiki yako imefika Alhamisi, wiki moja baada ya yako. Niliifungua mbele ya mama nikidhani ni salamu tu. Mama alikuwa anachambua maharage. Nikasoma kwa sauti. Nilipofika pale barafu inapokatika, sauti yangu iliendelea yenyewe, kama cherehani ambayo mguu umeshaondoka na gurudumu bado linazunguka. Nikasoma mpaka mwisho.

Mama akaweka ungo chini. Akauliza, "Yuko hai?"

"Yuko hai, mama."

"Na yule mzee?"

"Naye yuko hai."

Akainuka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa kwenye kinu kilicholala mpaka nilipomwita kula. Leo ni siku ya nne hajaniambia neno lisilokuwa la chumvi au kuni.

Nilikusudia kukutukana. Nimechana karatasi mbili za matusi. Kitandani kwa uvivu wa Jumapili! Tumelowa kidogo! Lakini ningekutukanaje wewe kwa kuficha, mimi ambaye nimekuficha tangu hujaota meno?

Baba hakufa kwa homa.

Ilikuwa Juni ya mwaka sitini na tatu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa anakwenda kuangalia nyavu, nami nikalia nataka kwenda. Mama alikataa. Nililia mpaka baba akamwambia mama, mwache, Kunegunda, ziwa limelala leo. Nikaenda. Tukiwa mbali, nyumba zinaonekana kama punje, upepo wa mwera ukaamka. Uliza mtu yeyote wa Lituhi, mwera haupigi hodi. Mawimbi yakaja marefu kuliko baba. Akaniambia kaa chini, shika ubao. Valence, mimi nilisimama. Sikujua kwamba nimesimama. Mtumbwi ukapinduka.

Alinitafuta chini ya maji akanipata. Akanipandisha juu ya mtumbwi uliopinduka, tumbo langu kwenye tumbo la mtumbwi. Haukuweza kubeba wawili. Ukibebeshwa wawili ulizama. Basi yeye akabaki majini, nyuma yake, anausukuma kwa kupiga miguu. Aliniambia, "Tazama paa la misheni. Usigeuke kunitazama, utauyumbisha. Wewe tazama paa." Nikatazama paa. Alikuwa anazungumza nami. Alinisimulia habari za kuku wetu. Baadaye alinyamaza, na mimi nikaendelea kutazama paa kwa sababu ndivyo alivyoniambia, na mtumbwi uliendelea kwenda, sijui sasa ni yeye au ni mawimbi. Mtumbwi ulipogusa mchanga ndipo nikageuka. Hakukuwa na mtu.

Hakupatikana. Hana kaburi.

Kabla ya mavuno kwisha mama alifunga vitu, akakubeba mgongoni, akanishika mkono, tukaja Songea ambako hatukuwa na ndugu. Aliyeuliza aliambiwa homa. Hata mimi, siku ya kwanza tu, mama aliniambia, "Baba yenu amekufa kwa homa, umesikia?" Nikasema nimesikia. Tangu siku hiyo hajawahi kulitaja. Miaka thelathini tumelala nyumba moja, tumekula sahani moja, na jambo hilo limekaa katikati yetu. Najua kwa nini. Akilitaja itambidi aniambie kwamba nililia nikaomba kwenda, na kwamba nilisimama. Ameona afadhali anyamaze kuliko kunichukia kwa mdomo.

Ndiyo maana sikuolewa nikamwacha. Ndiyo maana nilikufunga vifungo mimi. Nilimpunguzia mtu mmoja, nikaona nimlelee mwingine.

Ulipoandika kwamba umemwonea wivu baba, niliiweka barua chini nikatoka nje. Sasa unajua.

Vidole vimekuwaje? Jibu hilo kwanza.

Walburga


Finland, 18 Aprili 1993

Dada yangu Walburga,

Shikamoo.

Vidole kwanza. Kimoja kimepona. Cha mwisho wamekata ncha, kimekuwa kifupi kama penseli ya mtoto. Nimeshika randa wiki iliyopita, Mzee Veikko akapitisha kidole kwenye ubao, akanitazama, akafuta macho. Nadhani nimefaulu.

Nisamehe kwa uongo wangu. Nilidhani nakulinda.

Barua yako nimeisoma mara tano. Sasa ziwa limekuwa kijivu, limeachana na ukingo, hakuna anayelikanyaga. Nilikwenda kukaa pale mchana kutwa nikitafuta neno la kukuambia. Sina busara, dada, lakini nina kitu kimoja ambacho wewe huna, na mama hana, na padri hana. Mimi nimekuwa upande wa nyuma wa ule mtumbwi.

Mzee Veikko amezaliwa kando ya ziwa hili. Alijua pale ni pabaya. Alinionya mimi asubuhi, akachora alama ya msalaba hewani kunionyesha, kisha jioni akapakanyaga mwenyewe kwa haraka ya kuwahi nyumbani. Ungefikiri nilipokuwa nimelala pale ningewaza, mbona amekanyaga? Sikuwaza. Wala sikuwaza kuhusu wewe, wala mama, nisamehe. Niliona uso wake juu ya maji meusi. Uso ule ulijaza dunia yote, mpaka pembeni, hakukubaki nafasi hata ya sindano. Lawama ingekaa wapi?

Na niseme jingine ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa na furaha. Sisemi baada ya kumtoa. Nasema pale pale, nikiwa mpaka kifuani, miguu siisikii, kamba imekaza na upande wa pili mtu anavuta kumaanisha kwamba bado yupo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na ndani ya woga kulikuwa na furaha, imetulia, kubwa, kama ile sauti iliyokuwa inapita chini ya barafu. Sijaelewa mpaka leo. Nasimama mbele yake kama nilivyosimama ukingoni siku ile.

Kwa hiyo sikuwepo mtumbwini, lakini ukiniuliza baba alikuwa anahisi nini nyuma yako akikusimulia habari za kuku, naamini najua. Alikuwa anaona mgongo wako, na mgongo wako ulikuwa unakaribia nchi kavu.

Kuhusu mama, wewe umekisia miaka thelathini. Usikisie tena. Muulize. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, kwamba ulisimama.

Nitafika Juni, Mungu akipenda.

Valence


Msamala, Songea
23 Mei 1993

Mdogo wangu Valence,

Marahaba, marahaba.

Barua yako ilikaa siku tatu chini ya cherehani kabla sijapata moyo. Siku ya nne mama alikuwa anaota jua mlangoni. Nilikaa chini, mkekani, nikasema, "Mama, siku ile mtumbwini mimi nilisimama. Ndiyo maana ukapinduka."

Mama akasema, "Najua."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Mtoto wa miaka kumi na mmoja akiona mawimbi kama yale asiposimama yeye, atasimama nani? Nilijua siku ile ile, nilivyokuona pale mchangani."

"Basi mbona ulininyamazia miaka yote hii?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. Akasema, "Nikunyamazie? Wewe hukusikia walivyokuwa wanasema pale kijijini. Walisema msichana ameleta nuksi majini. Walisema usiguse nyavu za watu. Kuna mama aliyemvuta mwanae usicheze naye. Nikasema nitamtoa mtoto huyu hapa, nitampeleka mahali ambapo hakuna ajuaye, na habari nitaiita homa, maana homa haimnyooshei mtu kidole. Nilikuwa nangoja wewe useme ukiwa tayari. Hukusema. Nikadhani umesahau, nikamshukuru Mungu, nikafunga mdomo nisikukumbushe."

Valence, nililia kwa sauti mpaka Judica akaja mbio akidhani kuna msiba.

Mama hakulia. Aliningoja nimalize, kisha akasema, "Na lile alilolifanya baba yako lilikuwa lake. Alilichagua mwenyewe, kwa akili zake timamu, kwa nguvu zake zote. Umelibeba kana kwamba ni kosa lako. Usimnyang'anye."

Kesho yake asubuhi akaniambia nimtafutie gari la Lituhi.

Tulikwenda Jumanne na lori la wanunuzi wa samaki, mama mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia. Kijiji kimekua, mabati yamekuwa mengi, tuliowakumbuka wengi wao wako makaburini. Mzee mmoja, Hironimus, aliyekuwa akivua na baba, alimtambua mama kwa mwendo. Hakusema habari za nuksi. Alinishika mikono yote miwili, akanitazama sana, akasema, "Ndiye huyu?" Mama akasema, "Ndiye huyu." Mzee akainamisha kichwa.

Tulishuka ziwani watatu. Nilikuwa nimesahau, Valence. Katika kuliogopa nilikuwa nimesahau lilivyo. Maji yalikuwa ya bluu karibu, ya kijani mbele yake, na mbali kabisa hayakuwa na rangi, yaliungana na mbingu, na milima ya ng'ambo ilikuwa inaelea juu yake bila kushikwa na kitu. Mitumbwi ilikuwa inatoka. Nilitegemea nitatetemeka. Nilisimama mdomo wazi kama mgeni.

Mama alivua viatu. Nilidhani anataka kunawa miguu. Akaingia. Nikamwita, hakugeuka. Aliingia na kitenge chake mpaka magotini, mpaka kiunoni, mwanamke mzee mwenye goti bovu, nami nikamfuata, nikaingia kwenye maji yale na nguo zangu, nikamshika mkono. Ziwa lilikuwa la uvuguvugu. Alichota maji kwa kiganja akanipaka usoni, kama anavyopakwa mtoto, akajipaka na yeye. Kisha akanyanyua kichwa, akamwita baba kwa jina lake, kwa Kinyasa, kwa sauti ya mtu anayemwita mumewe aliye shambani, isiyo ya kilio wala ya sala:

"Leo! Wanao wote wawili wako hai!"

Akasimama kidogo, kama anayesubiri kuitikiwa. Kisha akanishika bega tukatoka.

Dada yako,
Walburga